Gereza Lililogeuzwa Nyumba ya Haki

Mtu aliyeumizwa huingia ofisini mwa serikali akiwa na moyo uliojaa hofu. Kabla askari au karani hajamwuliza jina, chumba chenyewe kimekwisha kumsemesha. Giza lake, mlango wake na kiti alichoonyeshwa humwambia kama amefika penye amani au penye mateso. Jambo hili limetiwa katika matofali huko Johannesburg, Afrika Kusini, juu ya kilima kiitwacho Constitution Hill.

Kilima hicho kilikuwa na sifa mbaya. Gereza lilijengwa hapo katika miaka ya 1890, kisha likazungushiwa ngome. Gandhi alifungwa hapo mwaka 1908, na Nelson Mandela aliwekwa mahabusu hapo mwaka 1962. Pamoja nao walipita watu wengi mno ambao kosa lao lilikuwa kutembea bila pasi. Gereza lilifungwa mwaka 1983. Utawala wa ubaguzi ulipokwisha, majaji wa Mahakama ya Katiba walichagua kujenga papo hapo, na jengo likafunguliwa mwaka 2004.

Je, mtu aliyeteswa mahali hapo, au mwanawe, angewezaje kurudi na kuamini kwamba atatendewa haki? Wasanifu wa majengo walijibu kwa vitendo. Jengo la mahabusu lilivunjwa, lakini matofali yake yalitumika kujengea chumba cha mahakama, nayo yakaachwa wazi yaonekane. Maumivu hayakufichwa kwa chokaa, wala hayakuachwa yatawale.

Mlango mkubwa wa mbao umechongwa haki 27 za raia, kwa lugha mbalimbali za nchi. Ukumbi wa kuingilia umefananishwa na kivuli cha mti, mahali ambapo wazee wetu tangu kale waliketi kusuluhisha. Nguzo zake zimeinama kama mashina, na mwanga wa jua hupenya kutoka juu kama upenyavyo majani. Ndani, meza ya majaji 11 imepinda, na mbele yake zimewambwa ngozi za ng'ombe, kila moja na madoa yake. Dirisha refu jembamba huonyesha miguu ya wapita njia, ili mahakama isiwasahau wananchi walio nje.

Humo humo, katika shauri la Dikoko na Mokhatla la mwaka 2006, majaji Yvonne Mokgoro na Albie Sachs waliandika kwamba katika kesi ya kuvunjiana heshima, kuombana radhi na kupatana kwaweza kuponya kuliko malipo ya fedha.

Sisi hatuna fedha za kujenga jumba kama hilo, lakini mengi ya mafunzo yake hayahitaji fedha. Katika kituo cha polisi au baraza la usuluhishi kambini, dirisha na lifunguliwe mwanga uingie. Mlalamikaji aketishwe mahali anapouona mlango, wala asiwekwe benchi moja na aliyemkosea. Askari anayemhoji naye aketi, asimsimamie kichwani. Viti vipangwe kwa duara, na maji ya kunywa yawepo karibu. Mama aliyepigwa akipokewa hivyo, atasema yaliyompata. Akipokewa vinginevyo, atarudi nyumbani nayo, na shauri halitamalizika kamwe.