Jina Lisilosahauliwa Lubumbashi

Mkifika Lubumbashi, kwanza mtaliona bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Nasi tulisimama tukavitazama, tukamkumbuka karani Léonard Mpoyi.

Desemba 1941, wakati wa vita, vyakula vilipanda bei na mishahara haikutosha. Wafanyakazi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira, na Gavana Maron akaja kuwataka warudi kazini. Mpoyi aliwasemea wenzake, wala hakuwaacha. Aliuawa palepale, na makumi ya wafanyakazi wakafa kwa risasi za askari.

Kwa serikali ya kikoloni hao walikuwa wavunja sheria. Kwa watu wa mji, mashahidi. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alilichora tukio hilo, akalisimulia kwa Kiswahili.

Kwingineko maskini huwakumbuka watu wao kwa nyimbo. Kusini mwa Texas, Marekani, mwaka 1901, Gregorio Cortez alimwua mkuu wa polisi aliyempiga nduguye risasi, akakimbia. Akasakwa na mamia ya watu, akatungiwa wimbo wa masimulizi, uitwao corrido. Mwaka 1913 alisamehewa.

Lakini tupime vema. Cortez alishika bastola. Mpoyi alikuwa na maneno tu. Kumwaga damu si sifa. Kinachostahili kukumbukwa ni kutowasaliti wenzako siku ya hatari. Basi, wazazi, mkipita na watoto karibu na bomba lile, watajieni jina la Mpoyi.