Mbona napenda filamu za mapenzi za kitambo

Mnaniuliza kila siku. Haya, chukua Loves of a Blonde ya Miloš Forman, Czechoslovakia, 1965. Mji wa kiwanda cha viatu, wasichana tele, wanaume hakuna. Meneja anaomba jeshi lilete wanajeshi. Treni inafika imejaa wababa wenye vitambi! Mmoja anavua pete ya ndoa aifiche, inamponyoka, inabingirika sakafuni.

Nilicheka peke yangu hapa Kiirua. Halafu nikanyamaza, juu dada yangu anafunga maua Timau, na stori zao ni hizo hizo.

Hollywood ingempa Andula harusi. Forman anampeleka Prague na sanduku lake, kwa wazazi wa kijana. Usiku mama, baba na kijana wanabanana kitanda kimoja wakigombana, yeye analia nyuma ya mlango. Na bado unacheka!

Nimeitazama mara nne. Dada mara moja, akasema imetosha.