Urambo, Nchi ya Babu Yetu na Mtani Wake

Msafiri atokaye Tabora kwenda Kigoma kwa gari la moshi hupita Usoke, kisha hufika Urambo. Nchi ni tambarare. Miti ya miombo imeshikana pande zote mbili za reli, na katikati yake huonekana mizinga ya nyuki, mashamba ya mahindi na karanga, na mabani ya kukaushia tumbaku. Mgeni akichungulia dirishani aweza kusema kwamba hapa hapana jambo. Sisi tuliozaliwa hapa twasema sivyo, maana ardhi hii ilikanyagwa na nyayo nyingi sana kabla reli haijawekwa.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na hapo ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alichukua begani frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, akaenda hivyo miezi kadha wa kadha. Wageni waliopita zamani hizo waliandika kwamba watoto wa Unyamwezi walijizoeza tangu udogoni kwa kubeba vipembe vidogo vya ndovu, na kwamba upagazi ulihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Basi ilikuwa kazi, walakini ilikuwa na mashindano ndani yake: nani atatangulia, nani atatua mzigo kwanza, nani atafika pwani na kurudi.

Hapa ndipo alipotawala Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Kila mtoto wa Urambo asikia habari za vita vyake na Waarabu wa Tabora. Lakini Babu yetu alipenda zaidi kutusimulia jambo jingine. Mwaka 1871 Mzungu Stanley alipigana upande wa Waarabu juu ya Mirambo; na mwaka 1876 watu wale wawili wakakutana, wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Babu alikuwa akimaliza hadithi hiyo kwa kusema, “Mwaona? Mtu aliyepambana nawe akujua kuliko rafiki.”

Babu hakuwa mpagazi. Alizaliwa wakati gari la moshi limekwisha zoeleka, kwa kuwa reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Alikuwa kijana Waingereza walipoleta mpango wao mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 katika Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Matrekta yaling'oa misitu, fedha nyingi sana zikatumika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Babu alikuwa kibarua huko, na jioni, kazi ilipokwisha, walicheza mpira miguu mitupu juu ya ardhi iliyofyekwa. Alikuwa akituambia, “Karanga zilikataa kuota, lakini mpira uliota.” Kwa kweli uliota ndani yake, wala haukung'oka hata alipozeeka.

Sasa twapenda wasomaji wajue habari ya utani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zamani za misafara. Msafara uliposhuka pwani ulipita katika nchi ya Wazaramo, na wenyeji na wapitaji wakajifunza kutaniana badala ya kugombana. Mtani hukutukana, nawe hukasiriki. Huchukua kitu chako, nawe hudai kwa kicheko. Na siku ya msiba mtani ndiye ajaye kwanza kushika kazi. Babu alikuwa na mtani wake, mzee Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli, akastaafu, asirudi kwao. Tena Babu alikuwa mtu wa Yanga, naye Mzaramo alikuwa mtu wa Simba. Basi utani wao ulikuwa wa kamba mbili.

Klabu hizo mbili zilianzishwa Dar es Salaam, Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na Simba iliitwa Sunderland hata mwaka 1971. Makao yao ni Kariakoo, nalo jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Babu alifurahi sana alipoelezwa habari hiyo. Alisema, “Basi hata mpira wa mjini umekalia mahali pa wapagazi!” Na watu wa klabu hizo huitana watani wa jadi, neno lile lile la njia ya misafara.

Wazee wale walikuwa na sheria yao. Timu ya mmoja ikishinda, mshindi huenda nyumbani kwa aliyeshindwa ili amcheke, wala haendi mikono mitupu. Mwaka 1968 Yanga walifunga mabao 5 kwa 0. Babu akaenda na viazi vitano, akavipanga kimoja kimoja mlangoni pa Mzaramo. Mwaka 1977 Simba wakalipa kwa mabao 6 kwa 0. Mzaramo akaja na mayai sita ndani ya kikapu, akayahesabu kwa sauti hata majirani wakasikia. Bibi akayakaanga, wote wakala. Redio ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Babu. Kwa hiyo Mzaramo aliyasikia mabao yake mwenyewe nyumbani kwa mpinzani wake, akiketi juu ya kigoda cha mwenyeji, akinywa chai ya mwenyeji.

Sisi wajukuu tulikua tukiyaona hayo, lakini si wote tulioyashika. Tarehe 6 Mei 2012 Simba waliwafunga Yanga 5 kwa 0. Wawili miongoni mwetu, wana wa ndugu, walikuwa wamewekeana dau la baiskeli. Aliyeshinda akaja alfajiri, akaichukua bila hodi. Aliyeshindwa akamwita mwizi mbele za watu. Tangu siku ile hawakusalimiana. Babu alikuwa mgonjwa. Mzaramo alikuja na mayai yake matano, akayaweka kando ya kitanda, wakacheka kwa shida. Kisha Babu akawaita wajukuu wale wawili. Wakaja, kila mmoja kwa wakati wake ili asimkute mwenzake. Akawaambia neno moja wote wawili: “Mpira uliwapa mtani, nanyi mmejifanyia adui.” Kabla ya mavuno ya tumbaku kuuzwa yote, Babu alifariki, nao hawajapatana.

Siku ya maziko Mzaramo alifika mapema kuliko wote. Akayakusanya majembe na makoleo yote, akayakalia. Akasema, “Hakuna kuchimba! Mzee huyu atukimbia na deni la mabao matano. Nani atalilipa?” Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Akawaita wajukuu wale wawili kwa majina, akampa mmoja jembe na mwingine koleo. “Chimbeni ninyi. Atakayechoka kwanza, huyo ndiye mwizi.” Nani angekataa neno la mtani msibani? Wakachimba, mmoja akilegeza udongo, mwingine akiutoa, hata shimo likawafikia kifuani. Hakuna aliyekubali kuchoka. Mwisho, yule wa koleo alitoka juu, akageuka, akamnyoshea mwenzake mkono.

Kuhusu baiskeli, Mzaramo aliitwaa kuwa ada yake ya utani, akaamuru ichukue maji ya msiba siku zote za matanga. Matanga yalipokwisha aliiegemeza ukutani kwa Bibi, akaenda zake. Hapana aliyeidai tena. Wawili wale hawakuombana radhi mbele yetu, ila tangu siku ile waliitikiana salamu, na mchezo ukifika, huusikiliza pamoja.

Twaandika haya kwa sababu siku hizi michezo imekaribia sana nyumba zetu. Mkoa wa Tabora nao umepata timu katika Ligi Kuu, kama Rhino Rangers msimu wa 2013/14 na Tabora United waliopanda mwaka 2023, na uwanja wa Ali Hassan Mwinyi umejaa vijana wa Urambo waliokwenda kutazama. Hilo ni jema. Lakini simu zimeleta kamari mkononi mwa kila kijana, na mwenye dau hana mtani. Ana mdeni tu. Akishinda, hamwendei mwenzake na mayai. Akishindwa, humchukia hata mchezaji asiyemjua.

Wazee walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Babu yetu angeongeza kwamba na mshindi ana mzigo wake: yampasa avuke njia, apige hodi kwa aliyeshindwa, tena awe na kitu mkononi. Mzigo huo si wa frasila mbili. Hata mtoto aweza kuubeba, nasi twaomba kila baba wa nyumba auweke mapema begani mwa wanawe.