Kosa la herufi moja

Najua nimekaa kimya siku nyingi, na huenda wengine mlidhani blogu hii imezikwa. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya programu. Naandika kuhusu damu.

Wiki iliyopita nilikesha nikitafuta kosa kwenye programu ya mauzo ya mteja wangu. Saa nane usiku nikalipata: herufi moja tu, imekaa mahali pa nyingine, na hesabu zote za dukani zikaharibika. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha, maana nilimkumbuka kaka yangu.

Kwetu ni Mariakani, si mbali na mizani ya malori. Kaka yangu alinitangulia kwa miaka miwili. Nakumbuka macho yake ya manjano, na usiku akilia mifupa inamuuma, Mama akimkanda kwa maji moto. Tuliambiwa malaria, tena na tena. Alifariki akiwa na miaka sita.

Mwezi jana nilipimwa damu kwa sababu natarajia kuoa. Majibu yalisema AS. Maana yake nina nakala moja ya kawaida ya jeni la himoglobini, A, na nakala moja ya sikoseli, S. Mwenyewe si mgonjwa. Lakini aliyerithi S kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama ndiye huugua. Nilirudi na Mama kliniki, akamweleza daktari habari za kaka. Daktari alinyamaza kidogo, kisha akasema huenda ilikuwa sikoseli, ile ambayo Watanzania huiita selimundu.

Nilipofika nyumbani nilianza kusoma, na hapo ndipo nilipokutana na herufi yangu. Katika jeni hilo, herufi A ya DNA imegeuka kuwa T. Basi! Kwa sababu hiyo kipande kimoja cha protini hubadilika, na himoglobini ikishaachia oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ndefu. Seli nyekundu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu huanza. Wengu nao huharibika mapema, kwa hiyo mtoto hukosa kinga dhidi ya vijidudu hatari.

Sasa swali la mtu wa programu: kosa baya namna hii, mbona halijafutika kwa maelfu ya miaka?

Jibu lilianzia hapa kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alizunguka nchi hii akipima damu. Aliona S ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni chache nyanda za juu zenye baridi. Mahali penye mbu ndipo penye S. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu wa AS ana kinga dhidi ya malaria.

Miaka mingi baadaye watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walioko Kilifi tangu 1989, walipima ukubwa wa kinga hiyo kwa watoto wa huku. Matokeo yao ya 2005 yanaonyesha kwamba AS hupunguza malaria ya kawaida kwa nusu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kila mwandishi wa programu anaujua ule mstari unaoonekana ni kosa, ukiufuta mfumo mzima unaanguka. Huenda mimi niko hai kwa herufi ileile iliyomchukua kaka.

Na tiba je? Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini nyingine, ambayo jeni lake huzimwa baada ya kuzaliwa. Msimbo bado upo, umezimwa tu. Dawa ya vidonge iitwayo haidroksiyurea huuamsha kiasi. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yalitoka Desemba 2018: maumivu yalipungua, maambukizi yakapungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayokata swichi ya jeni kwa CRISPR. Nayo haigusi ile herufi. Inawasha upya msimbo uleule wa utotoni. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo huku kwetu, vidonge kwanza.

Mchumba wangu ni wa Kaloleni. Naye amepimwa, majibu yake ni Ijumaa. Akiwa AS kama mimi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto wa SS. Na kila mimba huanza hesabu upya, haikumbuki iliyotangulia.

Jana Mama aliniuliza, "Mwanangu, kwani majibu yakiwa mabaya mtaachana?"

"La, Mama. Hatuachani."

"Basi mwapimia nini?"

Nilimwambia: ili mtoto wetu apimwe siku zake za kwanza, aanze penisilini mapema, apate chanjo zake zote, alale ndani ya chandarua, na apewe haidroksiyurea daktari akishauri. Ili akilia usiku, tujue analilia nini.

Mama hakujibu. Alikaa kitambo, kisha akaniuliza kama yeye naye, kwa umri wake, anaweza kupimwa.

Tunakwenda pamoja Ijumaa. Nawe msomaji, kama hujui herufi zako, nenda kapime. Tuonane tena.