Simu Mkononi, Funguo kwa Nani? Dada na Kaka wa Sinza Wavurugana

Mjini hapa mtu yuko tayari kushindia chai kavu mwezi mzima ili tu aonekane na iPhone kwenye kioo cha saluni. Hilo linajulikana, wala si habari. Habari ni kwamba wengi wanaozishika hizo simu hawajawahi kujiuliza swali moja dogo: ikigoma leo, nani ana uwezo wa kuifungua? Wewe uliyetoa hela, fundi, yule aliyekuuzia, au kampuni iliyoko huko California?

Kuna ndugu wawili Sinza ambao swali hili limewagombanisha hadi majirani wakajua. Dada mtu anapamba maharusi. Mdogo wake wa kiume ni fundi simu, ana meza yake Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Wanapanga chumba na sebule, wanachangia LUKU, na kwa mambo mengine yote wanaelewana vizuri tu.

Dada alinunua iPhone ya mkononi kwa laki sita na nusu. Kijana wa dukani alikuwa mkarimu sana, akamwekea kava, akamwekea protekta, na akamtengenezea akaunti ya iCloud palepale, "ili usisumbuke dada yangu." Hapo ndipo balaa lilipopandwa. Imeili iliyotumika ilikuwa ya yule kijana, paswedi ilikuwa ya yule kijana, na dada hakuandika chochote popote. Yeye alichojua ni zile namba sita za kufungulia skrini. Akaposti, akapata wateja, akaanza kuitwa hadi Kigamboni na Bunju.

Miezi minane baadaye simu ikajaa picha, ikajizima, ikaganda kwenye lile tofaa. Mdogo wake alikuwa Morogoro kwenye msiba. Akapeleka kwa fundi wa Mwenge. Fundi akauliza, "Paswedi ya iCloud unayo?" Dada akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba anayo, akijua zinaulizwa zile namba sita. Fundi akachomeka kompyuta, akaifuta, akaiwasha upya. Simu ikawaka vizuri, inang'aa kama mpya, halafu ikasema imefungwa kwa mmiliki wake, iingizwe imeili na paswedi. Imeili yenyewe inaonyeshwa herufi ya kwanza tu, zilizobaki ni nukta nukta. Yule kijana wa dukani alishahama, namba haipatikani.

Ukweli usemwe: kufuli hilo halikuwekwa kumkomoa mtu wa Sinza. Apple walilileta mwaka 2013 na iOS 7, wakati ambapo watu wa London, New York na San Francisco walikuwa wanaporwa iPhone barabarani kila siku. Mwizi akiifuta simu haimsaidii, inabaki kuwa kioo cha kujitazamia. Wizi wa iPhone kwenye miji ile ulishuka, na polisi wakashangilia. Kinachotokea kwetu ni kwamba kufuli haliwezi kutofautisha mwizi na binti aliyelipa hela halali akapewa risiti ya kuandikwa kwa kalamu. Apple wanaweza kukufungulia, ila wanataka uthibitisho wa manunuzi ya mwanzo kabisa. Simu ya mkononi iliyopita Dubai ikaja Kariakoo, hiyo karatasi ya mwanzo utaitoa wapi?

Picha za maharusi thelathini na kitu zikapotea. iCloud ya bure ni GB 5 tu, na ile yake ilijaa zamani, kwa hiyo hakuna kilichohifadhiwa. Namba yake ya WhatsApp ilirudi kwenye simu ya kuazima, ila mazungumzo yote yalikwenda. Humo ndimo ilimokuwa orodha ya advansi: nani katoa ngapi, harusi lini, anataka kope za aina gani. Bi harusi mmoja wa Kigamboni akasema yeye alishatoa laki mbili. Dada anakumbuka laki moja. Ikabidi aende kwenye ofisi za mtandao kuomba taarifa ya miamala ya miezi mitatu, na hapo ndipo ikaonekana bi harusi ana kumbukumbu nzuri kuliko yeye. Laki mbili kweli. Aibu aliyoibeba siku ile haina jina.

Kaka aliporudi Morogoro hakumpa hata pole ya kutosha. "Dada, mimi nilikwambia. Ile si simu yako, umekodishwa." Yeye ni muumini wa upande wa pili. Anatumia Xiaomi ya zamani aliyoifungua kufuli la mwanzo, lile linalokagua mfumo kabla simu haijawaka, akafuta kila kitu na kuweka LineageOS. Huo ni mfumo unaotokana na msimbo wa Android ambao Google waliuachia wazi tangu 2008, na unatunzwa na watu wanaojitolea baada ya ule wa CyanogenMod kufa mwishoni mwa 2016. Hakuna matangazo, hakuna programu ulizozikuta ndani na haziondoki, hakuna michezo inayojisakinisha usiku bando likiwa limelala. Ukimkuta kijiweni atakuonyesha betri kwanza kabla ya salamu.

Asichokionyesha ni kitochi kilichoko mfuko wa nyuma. Programu ya benki yake ilikataa kufunguka kwenye simu ile. Inakagua kama mfumo ni ule uliotoka kiwandani, ikigundua umebadilishwa inajifunga. Kwa hiyo huyu bwana mwenye simu huru kuliko wote mtaani, hela zake anazitoa kwa kubonyeza nyota na reli kwenye kasimu ka vitufe ka elfu thelathini. Dada yake akimcheka hapo, huwa anajibu kwamba kitochi hakimjui mtu. Jibu zuri, ila bado anatembea na simu mbili kwa sababu moja kati ya hizo haiaminiki na benki.

Ugomvi ungeishia kwenye utani kama si shangazi yao wa Mbagala. Shangazi alitumiwa kiungo cha programu ya mikopo, si ya kwenye duka la Google, ni faili la kushusha moja kwa moja. Simu ikamuuliza kama anaruhusu programu kutoka chanzo kisichojulikana, akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza kama inaruhusiwa kusoma majina kwenye simu, ndiyo. Akakopa elfu hamsini. Alipochelewa siku nne, ujumbe ukaanza kuingia kwa wanakwaya, kwa mwenyekiti wa vikoba, kwa mwalimu wa mjukuu wake, kwamba mama huyu ni tapeli. Mwanamke wa miaka hamsini na nane akaacha kwenda kanisani Jumapili mbili.

Hawa wa mikopo ya kudhalilisha wanajulikana. Google walizikataza programu za mikopo kugusa majina na picha za mtu tangu 2023, lakini katazo hilo linafika mwisho wa duka lao. Benki Kuu ya Tanzania nayo Novemba 2024 ilitaja majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Faili la kushusha kwa kiungo halipiti mlango wowote kati ya hiyo.

Dada akapata silaha. "Hiyo ndiyo uhuru wako? Kwenye iPhone asingeweza kulishusha hilo lidudu." Na kwa hapa kwetu alikuwa sahihi. Ulaya ndiko Apple walikolazimishwa na sheria kuruhusu maduka mengine ya programu kuanzia Machi 2024. Huku kwetu mlango ni App Store, basi. Kaka akasema kosa si mlango kuwa wazi, kosa ni shangazi kutofundishwa kuusoma. Dada akamuuliza yeye alimfundisha lini. Kimya. Ugali ukapoa.

Halafu zikaja habari ambazo kaka alizisoma mara mbili mbili. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kwenye simu za Android zilizoidhinishwa nao, hata programu ya nje ya duka lao itabidi iwe ya mtengenezaji aliyejitambulisha kwao kwa jina na vitambulisho. Wanaanza Septemba 2026 na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha dunia nzima kuanzia 2027. Kelele zilipozidi wakasema watawaachia njia wale wanaoelewa hatari na wanaotaka kuendelea. Kaka alinuna wiki nzima. Vijana wengi wanaojifunza kutengeneza programu huanza kwa kurushiana mafaili na washkaji kabla ya kusajili chochote, na yeye mwenyewe ana kaprogramu kake ka kuhesabia spea alichowapa mafundi saba pale Aggrey. Kwa nini amuonyeshe mtu wa Marekani kitambulisho ili fundi wa meza ya jirani ahesabu vioo?

Dada alisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakubisha. Alisema tu kwamba shangazi angeokoka.

Wote wawili wana hoja, na hapo ndipo pagumu. Kufuli linalomzuia tapeli ni lilelile linalomzuia fundi, na watu wanaoamua lifungwe kiasi gani hawajawahi kukanyaga Mbagala wala Aggrey.

Wakati huohuo dada alikuwa hana simu, na mpambaji asiye na kamera ni sawa na muuza vitumbua asiye na moto. Akiba ilikuwa elfu themanini. Akachukua simu ya mkopo, Android, ile unatanguliza kidogo halafu unalipa elfu tatu kila siku kwa mwaka. Kaka aliishika, akaingia kwenye mipangilio, akasoma kwa sauti kwamba kifaa hiki kinasimamiwa na mkopeshaji. Ukiifuta inajirudia palepale, kwa sababu kufuli limewekwa ndani kabisa ya mfumo, kwa njia ileile makampuni wanayotumia kusimamia simu za wafanyakazi wao. Dada akasema anajua, alisaini.

Jumamosi moja alikuwa na bi harusi Kijitonyama, saa kumi na mbili asubuhi. Siku tatu nyuma alikuwa na homa, hakulipa. Alipotoa simu apige picha ya uso kabla ya kupaka chochote, skrini ilikuwa na maandishi ya deni na namba ya kulipia. Bi harusi kakaa kwenye stuli na taulo kichwani anamwangalia. Dada akaazima simu ya mama wa bi harusi, akampigia mdogo wake.

"Niletee niifumue," kaka akasema. "Nusu saa tu, haitakusumbua tena maisha."

Na anaweza, wala hakuwa anatamba. Dada akanyamaza kidogo, akamwambia, "Dogo, deni ni langu. Nitumie elfu tisa." Kaka akaguna. Akatoa kitochi, akabonyeza nyota na reli, hela ikaenda moja kwa moja kwenye namba ya mkopo. Dada akaomba intaneti ya mle ndani, simu ikafunguka kabla poda ya kwanza haijakauka. Picha ya yule bi harusi ndiyo ile iliyosambaa mwezi ule, yenye kivuli cha shaba machoni. Wengi mmeiona bila kujua ilipigwa na simu ambayo dakika kumi nyuma ilikuwa tofali.

Jioni kaka alirudi na kadi mbili za kuhifadhia, GB 64 kila moja. Simu ya mkopo ina tundu la kadi, kitu ambacho iPhone haijawahi kuwa nacho, na hilo alilisema mara tatu akiichomeka. Akamfundisha kuhamisha picha kila Jumapili. Imeili mpya dada alifungua mwenyewe, akamfukuza kaka mezani wakati wa kuandika paswedi. Kadi moja iko ndani ya simu, nyingine iko kwenye kopo la pini za nywele, chini ya kitanda. Deni limebaki miezi saba.