Daftari la Mwalimu wa Darasa la Tatu, Dzaleka, Malawi

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Rejista ina watoto 118, leo wamekuja 81. Ijumaa nitapeleka hesabu ofisini kama kawaida: wavulana wangapi, wasichana wangapi, waliokosa wangapi. Hesabu hiyo itapanda wilayani Dowa, kisha Lilongwe wizarani, na huko itaishia. Kwangu hairudi kamwe.

Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa tumepita 50,000, na tangu 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, madarasa yamefurika zaidi. Kwamba tumejaa, kila mtu anajua. Mimi nataka kujua ni mtoto gani amekwama, na amekwama wapi. Usiku huu nimeanza kunakili rejista ya Septemba kwenye jedwali la simu, safu moja kwa kila siku ya shule.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemaliza kunakili, na jedwali limesema jambo ambalo rejista ya karatasi ilikuwa imelificha. Wasichana wale wale wanakosa siku zile zile, na ni siku za kugawa pesa za chakula. Jioni nimepita kwa mama wa mmoja wao. Hakuzunguka: "Mwalimu, siku ya kugawa naingia foleni tangu alfajiri. Huyu mdogo nimwachie nani kama si dada yake?"

Sina la kumjibu mama huyu. Ila ratiba ya darasani iko mikononi mwangu. Siku ya kugawa sitaanzisha somo jipya wala kutoa jaribio, tutarudia ya nyuma. Mwalimu wa darasa la nne ameomba nimwonyeshe jedwali linavyojazwa.

Jumamosi, 12 Oktoba. Area 47, Lilongwe

Nimepata kibali cha kutoka kambini, nimeshukia Area 47 kwa rafiki yangu anayefundisha shule ya serikali. Tumeongea kuhusu tableti mchana kutwa. Wizara ya Elimu na shirika la Imagine Worldwide wana mpango uitwao BEFIT, unaolenga kuzifikisha kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la nne katika shule za msingi za serikali nchi nzima. Zinachajiwa kwa jua na hazihitaji intaneti. Mtoto anavaa vipokea sauti, anasoma kwa mwendo wake, na mashine inakumbuka alipoishia.

Hili halikuanza jana. Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham alichapisha 2015 utafiti alioufanya katika shule moja ya hapa Lilongwe: baada ya wiki 8, watoto waliojifunza hesabu kwa tableti kwa Kichewa waliwapita wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Rafiki yangu hana shaka na mashine. Anauliza kama kile inachokijua kuhusu mtoto kitamfikia yeye kabla ya Jumatatu, anapopanga nani akae na nani. Hilo ndilo swali langu pia.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo nimeketi chini ya mti na watoto tisa waliopata sifuri kwenye jaribio la hesabu. Jaribio lilikuwa la Kiingereza, maelezo yakatolewa kwa Kichewa. Nimeanza na msichana aliyefika kutoka Uvira, Kongo, mwaka huu. Nikamwuliza kwa Kiswahili: una maembe manne, nimekuongezea matano, unayo mangapi? "Tisa, Mwalimu." Kumi na tatu ukitoa sita? "Saba." Hakutumia hata vidole. Wavulana wawili wa Burundi niliwauliza kwa Kirundi kupitia kaka wa mmoja wao. Kati ya tisa, sita wanajua kujumlisha na kutoa bila shida.

Watoto hawa sita wameandikwa hawajui hesabu. Kompyuta yoyote ikipewa alama zile itasema vivyo hivyo, kwa haraka zaidi na kwa michoro ya rangi, na mwalimu atawarudisha kwenye kuhesabu mawe wakati wanachohitaji ni lugha ya swali. Nimeongeza safu: lugha ya nyumbani. Safu hii moja imenifaa kuliko zote.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kundi la wale sita sasa linapata dakika kumi za maneno ya hesabu kabla ya somo. Watatu waliobaki tunaanza nao chini kabisa.

Nimekuwa nikiwaza habari za Tusome, mpango wa kusoma wa Kenya. Maofisa wa mtaala walipewa tableti; wakifika shuleni walikuwa wakiangalia somo, wakipima watoto watatu kusoma, kisha wakikaa na mwalimu kumshauri. Nadhani kile kikao ndicho kilichobeba kazi. Tanga nako, kuanzia 2017, shindano la XPRIZE lilipeleka tableti za Kiswahili vijijini, kwa watoto wengi wao wasiokuwa shuleni, kupima kama wanaweza kujifunza bila mwalimu. Lilikuwa jaribio la maana kwa mahali pasipo mwalimu. Hapa walimu tupo, na tunachokosa ni macho ya kuwaona watoto 118 kwa pamoja.

Nimefuta majina kwenye simu. Jedwali lina namba, majina yamebaki kwenye daftari la nyumbani. Sisi tuliotoka Kivu, Burundi na Rwanda tunajua orodha ya majina na makabila inaweza kumfanyia mtu nini, na safu yangu ya lugha ni orodha ya namna hiyo hiyo.

Jumatatu kuna kikao na maofisa wa elimu. Nimemwomba mwalimu mkuu apeleke maombi matatu: watoto wapimwe hesabu kwa lugha wanayoielewa, majina yao yalindwe, na matokeo yarudi kwa mwalimu wa darasa ndani ya wiki ile ile, kabla hayajaenda kwa mtu mwingine yeyote.