Shela Tunakodisha, Lenzi Hatukodishi Tena

Dada zetu, na nyinyi mabibi harusi mnaohesabu siku.

Sisi ni mafundi cherehani wa Lukole, Ngara, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi 2008. Tunashona magauni ya harusi, tunapaka hina, tunakodisha mashela. Leo tunakiri kosa letu.

Tulikuwa tukikodisha na lenzi za rangi ya asali. Jozi moja, maharusi watatu. Dawa ya kusafishia ikipungua, tuliongezea mpya juu ya ile ya jana. Ilipokwisha, tulitia maji ya kuchemsha. Tulidhani yanatosha.

Bi harusi wa tatu alilala nazo. Siku ya pili ya fungate jicho likawa jekundu, linachoma, halitaki mwanga. Tukamwambia ni uchovu na wanja. Hospitali wakakuta kidonda kwenye kioo cha jicho. Alhamdulillahi hakupofuka, ila kovu limebaki na jicho hilo linaona ukungu. Hajatulaumu. Tunajilaumu wenyewe.

Baadaye tukasoma kwamba hata wenye dawa ya dukani waliwahi kuumia. Mwaka 2006 watu wa Singapore, Hong Kong na Marekani waliugua macho kwa fangasi aitwaye Fusarium, na mwezi Mei kampuni ya Bausch & Lomb ikaondoa dawa yake, ReNu with MoistureLoc, katika masoko yote duniani. Wataalamu walionya pia dhidi ya kuongezea dawa mpya juu ya iliyobaki. Na kwenye maji, hata ya bomba, huishi kidudu kiitwacho Acanthamoeba, kinachoweza kula jicho la mvaa lenzi.

Basi dada, ukitaka lenzi, upimwe macho kwanza, na ziwe zako peke yako. Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe. Mwaga dawa ya jana, na maji yasiguse lenzi. Kuosha ndani ya jicho si katika udhu, kwa hiyo fumba macho unapotawadha. Zivue kabla ya kuoga na kulala. Jicho likiwa jekundu, vua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usitie maziwa ya mama wala dawa ya jirani.

Shela letu bado lipo, karibuni. Macho njooni na yenu. Ndiyo aliyoyaona alipokuja kuposa.